Kikulacho ki tumboni mwako: kwa nini mwili hupigana na minyoo usiwamalize



Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Ramadhani, nilikwenda kumjulia hali shangazi yangu kijijini, huko nyuma ya Msambweni. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, anachambua mchicha. Aliponipa mkono nilishtuka. Kiganja chake kilikuwa cheupe kama karatasi. Alipoinuka kuniwekea chai, alisimama kwanza akashika ukuta, akavuta pumzi mara tatu ndipo akaenda.

"Uzee, mwanangu," aliniambia. "Hata kisimani siku hizi siendi."

Shangazi ana miaka sitini. Huo si uzee wa kushika ukuta. Alinitolea mfuko wa plastiki uliojaa karatasi za hospitali. Mara tatu katika mwaka mmoja na nusu alikuwa ameonekana katika kituo kimoja cha afya, mara tatu akaambiwa damu ni kidogo, na mara tatu akapewa vidonge vya kuongeza damu. Damu hupanda kidogo, kisha hushuka. Karatasi ya mwisho ilisema 6.8, na mwanamke mzima hutakiwa awe na 12 au zaidi.

Nina binamu anayefanya kazi ya maabara mjini Mombasa. Nikaipiga picha ile karatasi nikamtumia. Haikupita nusu saa akanipigia simu. Hakuuliza habari ya damu. Aliuliza kuhusu mstari mmoja wa chini ambao mimi niliuruka: "Eosinofili asilimia 19. Hizi kwa kawaida hazipiti tano au sita hivi. Shangazi amepimwa choo?"

Hakuwahi kupimwa choo hata siku moja.

Alipopimwa, yakaonekana mayai ya minyoo wa safura. Wajukuu zake, anaowalea mwenyewe, walikuwa wamemeza dawa ya minyoo shuleni mwaka huohuo, na yeye ndiye aliyewasukuma waende siku hiyo. Yeye hakuna aliyempa.

Tukiwa tunarudi na dawa mkononi, shangazi akaniuliza swali lililonishinda. "Hebu niambie, wewe uliyesoma. Mtoto akiugua surua mara moja, imekwisha, haimrudii. Hawa watoto wapewa dawa ya minyoo kila mwaka, na kila mwaka minyoo warudi. Hii kinga ya mwili, ikifika kwa minyoo, hulala?"

Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari, si ya udaktari. Sikuwa na jibu. Nimesoma na kuulizauliza tangu siku ile, na makala haya ni jibu langu kwake na kwa kila mwenye swali kama lake. Kwa ufupi, kinga ya mwili hailali. Inapigana sana. Ila vita vyenyewe ni vya aina nyingine kabisa, na mara nyingi huishia kwenye sulhu ambayo gharama yake tunailipa sisi.

Wageni watatu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.5 hivi wana minyoo wanaopatikana kwa njia ya udongo. Wakubwa wao ni aina tatu.

Wa kwanza ni mchango, yule mrefu mweupe ambaye wengi wetu tulimwona utotoni tukakimbia. Jike lake hufikia sentimita 20 hadi 35 na hutaga mayai kama 200,000 kwa siku. Wa pili ni mnyoo mwenye umbo la mjeledi, wa sentimita nne hivi, ambaye huchomeka kichwa chake chembamba ndani ya ukuta wa utumbo mpana. Wa tatu ndiye mnyoo wa safura. Huyu ana sentimita moja tu, lakini huuma ukuta wa utumbo mwembamba na kunywa damu.

Mchango na mjeledi huingia kwa mdomo. Mayai hutoka na kinyesi, hukaa kwenye udongo wiki kadhaa mpaka yakomae, kisha hurudi kwetu kwa mikono isiyooshwa, kwa mboga, kwa embe lililookotwa chini. Safura haingojei mdomo. Mayai yake huanguliwa kwenye mchanga wenye unyevunyevu na kivuli, na katika siku tano hadi kumi vinyoo vichanga huwa tayari kutoboa ngozi ya mguu ulio wazi.

Jambo hili la kutoboa ngozi lilijulikana kwa ajali. Mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Arthur Looss alikuwa akifanya utafiti Cairo, Misri, mwishoni mwa karne ya 19. Maji yenye vinyoo vya safura yalimdondokea mkononi. Ngozi ikawasha na kuwa nyekundu, na alipoyatazama tena yale maji kwa darubini, vinyoo karibu vyote havikuwamo. Wiki kadhaa baadaye akaanza kuona mayai ya safura katika choo chake mwenyewe. Mwaka 1898 akautangazia ulimwengu kuwa mnyoo huyu huingia kwa ngozi, na wengi hawakumsadiki.

Mwengine alikuwa Mjapani, Shimesu Koino, ambaye mwaka 1922 alimeza mayai 2,000 ya mchango kwa makusudi ili aone yatakwenda wapi. Aliugua kifua vibaya, na ndani ya makohozi yake akavikuta vinyoo vichanga. Hapo ikaeleweka kwamba mchango hashuki tumboni akatulia. Hutoboa utumbo, hupanda na damu hadi kwenye mapafu, hupanda koo, humezwa tena, ndipo hurudi utumboni kukaa. Safura naye hupita njia hiyohiyo ya mapafu, akitokea mguuni.

Nimeyaeleza haya kwa sababu ni muhimu kwa swali la shangazi. Kabla mnyoo hajafika tumboni, amekwisha kukutana na kinga ya mwili mara kadhaa, kwenye ngozi, kwenye damu na kwenye mapafu. Hakuna anayeweza kusema kinga haikumwona.

Adui asiyemezeka

Virusi vya surua na bakteria wa kipindupindu ni vidogo mno. Mwili una chembe nyeupe za damu zinazoweza kummeza bakteria mzima na kumyeyusha. Virusi vikijificha ndani ya chembe ya mwili, ziko chembe nyingine nyeupe zinazoiua chembe hiyo pamoja na kilichomo. Mwili ukishinda, hubaki na kumbukumbu. Virusi hivyo vikirudi baada ya miaka thelathini, askari wanavijua kwa sura.

Sasa chukua mnyoo. Chembe nyeupe moja ukiilinganisha na mchango wa sentimita 25 ni dagaa mbele ya nyangumi. Haiwezi kummeza. Tena mnyoo ana ngozi ngumu inayomkinga. Kwa hivyo mwili una mpango wa pili, ambao wataalamu huuita kinga ya aina ya pili. Shabaha yake kubwa ni kumtoa mnyoo nje na kufunga majeraha anayoyaacha. Kumuua si lazima.

Mpango huu huanza kwa mlinzi mdogo sana. Katika ukuta wa utumbo, kati ya chembe nyingi za kawaida, kuna chembe chache zenye kishungi cha vinywele juu yake. Wataalamu walizijua kwa miaka mingi bila ya kujua kazi yake utumboni. Mwaka 2016 makundi matatu ya watafiti yalionyesha, kwa kutumia panya, kwamba chembe hizi huonja kilichomo utumboni kwa njia inayofanana na ulimi unavyoonja chakula. Zikionja mnyoo, hutoa ujumbe uitwao interlukini-25.

Ujumbe huo hupokewa na chembe nyeupe zinazokaa doria ndani ya ukuta wa utumbo, nazo hujibu kwa ujumbe mwengine, hasa interlukini-13. Baadaye hujiunga na chembe zile zenye kumbukumbu, ambazo huongeza interlukini-4 na interlukini-5. Usiogope majina haya. Kila moja ni kama amri ya nahodha kwa mabaharia: wewe vuta tanga, wewe kumba maji.

Kumba na kufagia

Amri ya kwanza ni ute. Chembe zinazotengeneza ute huongezeka na kunenepa, na utumbo hujaa utelezi kama mlenda. Mnyoo aliyekuwa ameshika ukuta hukosa mahali pa kushika. Ndani ya ute huo mna protini zinazomzuia kula vizuri.

Amri ya pili ni maji. Ukuta wa utumbo huvujisha maji kwa ndani ili kuwasukuma wageni.

Amri ya tatu ni misuli. Utumbo hujikamua kwa nguvu na kwa kasi kuliko kawaida. Lile sokoto la tumbo tunalolilalamikia wakati mwengine ni mwili unaofagia.

Amri ya nne ndiyo iliyonishangaza zaidi. Ukuta wa utumbo hujivua. Chembe mpya huzaliwa chini, husogea juu kama ngazi inayokwenda yenyewe, na hudondoka zikifika kileleni. Mnyoo akiingia, ngazi hiyo huongeza kasi. Mnyoo mjeledi aliyechomeka kichwa ndani ya ukuta hujikuta ukuta wenyewe unahama naye. Katika maabara, kuna minyoo wa panya ambao panya mwenye afya huwatoa wote kwa muda wa siku kumi hivi kwa mbinu hizi.

Kisha zipo zile eosinofili za karatasi ya shangazi. Hizi ni chembe nyeupe za damu zilizopewa jina na Mjerumani Paul Ehrlich mwaka 1879, kwa sababu hushika rangi nyekundu iitwayo eosini zinapotazamwa kwa darubini. Interlukini-5 ndiyo inayoziita kwa wingi kutoka kwenye uboho wa mifupa. Ndani yake mna vifuko vya sumu. Zikimkuta mnyoo mchanga anayesafiri, zinamganda mwilini na kumpasulia sumu hiyo juu ya ngozi yake. Hazimmezi. Zinamchoma kwa nje.

Ili zimjue mnyoo, zinahitaji alama, na alama hiyo huwekwa na kingamwili. Mwili hutengeneza aina kadhaa za kingamwili, na kwa minyoo hutengeneza kwa wingi ile iitwayo IgE, ambayo ilitambuliwa katika miaka ya 1960 na wataalamu wa Kijapani Kimishige na Teruko Ishizaka waliokuwa Marekani, na wenzao wa Uswidi, Johansson na Bennich. IgE hiyohiyo ndiyo inayohusika na pumu na mizio. Inapogusa chembe zilizojaa histamini, chembe hizo hupasuka, na mtu huwashwa, hupiga chafya, hutoka machozi au huharisha. Ukitazama vizuri utaona yote hayo ni njia za kutoa kitu nje ya mwili.

Kwa hivyo zile eosinofili 19 hazikuwa bahati mbaya ya karatasi. Mwili wa shangazi ulikuwa umepiga kelele kwa muda mrefu, ukieleza kwa lugha yake kwamba kuna mnyoo ndani. Kelele ilichapwa kwa wino, ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, na mwanamke akapewa vidonge vya damu arudi nyumbani. Ni sawa na kumjazia maji mtu mwenye ndoo iliyotoboka.

Mnyoo naye si mjinga

Kama silaha ni hizi zote, mbona hawaishi?

Ni kwa sababu minyoo wameishi na wanadamu tangu enzi za kale. Wanazijua silaha zetu. Virusi hutegemea kuzaliana haraka na kuhamia kwa mwengine kabla hajakamatwa. Mnyoo hutegemea kukaa. Mchango huishi mwaka mmoja au miwili, na safura anaweza kukaa tumboni miaka kadhaa. Mpangaji wa miaka mingi lazima ajue kumtuliza mwenye nyumba.

Mwili wetu wenyewe una chembe za kutuliza vita, ambazo kazi yake ni kuzuia askari wasichome nyumba kwa hasira. Bila ya chembe hizo, kila kidonda kidogo kingekuwa uvimbe usiokwisha. Minyoo wamejifunza kuzitumia. Hutoa majimaji yanayoziita kwa wingi. Mnyoo mmoja wa panya, aliyechunguzwa sana, hutengeneza protini inayofanya kazi ileile ya ujumbe wa mwili usemao "tulieni", ingawa kwa umbo haifanani na ujumbe huo hata kidogo. Ni kama mtu aliyechonga ufunguo wa nyumba yako bila ya kuuona wa asili. Safura naye huongeza dawa ya kuzuia damu isigande, ili mfereji wake usizibe.

Matokeo yake ni sulhu. IgE imejaa, eosinofili zimejaa, lakini minyoo wapo. Mwili umekubali kuishi nao kwa sababu kupigana bila ya kikomo kungeliharibu utumbo wenyewe. Ndiyo maana watu wengi wenye minyoo hawahisi kitu kwa miezi au miaka.

Lakini sulhu hii ina kodi. Safura wako wa aina mbili kubwa. Mmoja hupoteza damu ya mwenyeji wake kama mililita 0.03 kwa siku, na mwengine mililita 0.15 au zaidi. Piga hesabu. Minyoo mia moja wa aina hii ya pili ni mililita 15 kila siku, sawa na vijiko vitatu vya chai. Kwa mwezi ni mililita 450, kiasi kilekile anachotoa mtu aliyejitolea damu hospitalini. Huyu mjitoleaji huambiwa apumzike miezi kadhaa kabla ya kutoa tena. Mwenye safura hutoa kila mwezi, bila ya soda wala biskuti.

Kwa nini hatumalizani nao

Hapa ndipo lilipo jibu hasa la swali la shangazi.

Surua ikiingia mwilini huzaana. Virusi vichache huwa mamilioni, kinga huamka kwa kishindo, hushinda, na huweka kumbukumbu. Minyoo hawa watatu hawazaani ndani yetu kwa namna hiyo. Mayai lazima yatoke nje yakomae kwenye udongo. Maana yake ni kwamba kila mnyoo aliye tumboni aliingia mwenyewe, mmoja mmoja, kwa mguu au kwa mdomo. Mwenye minyoo mia alitobolewa au alimeza mara nyingi. Na kinga tunayoipata kwao ni ya nusunusu. Hupunguza idadi, haifungi mlango.

Ndiyo maana dawa ikiwatoa, udongo huwarudisha. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa mwaka mmoja baada ya watu kumeza dawa, kiwango cha maambukizi ya mchango kilikuwa kimerudi kwenye asilimia 94 hivi ya kilivyokuwa kabla ya dawa, mjeledi asilimia 82, na safura asilimia 57.

Kuna tofauti nyingine ambayo wengi wetu hatuijui. Mchango na mjeledi hushika zaidi watoto wa umri wa shule. Mtu akikua hupungua, kwa sababu kinga yake imekomaa kidogo na hachezi tena mchangani. Safura hafuati kanuni hiyo. Mara nyingi mzigo wake huwa mkubwa kwa watu wazima, wale wanaoingia kondeni miguu mitupu na wanaochota maji alfajiri. Kinga ya miaka sitini haikumsaidia shangazi kumzuia.

Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo mwaka 2009, na mwaka 2012 ukapanuliwa. Ni mpango mzuri na umewasaidia watoto wengi, wa Pwani wakiwemo. Lakini kwa safura, ukimtibu mtoto ukamwacha bibi yake, umefagia sebule ukaacha uani.

Jambo hili limepimwa hapa hapa kwetu Kwale. Kuanzia mwaka 2015, watafiti wa KEMRI na wenzao waliendesha utafiti ulioitwa TUMIKIA, yaani Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya. Waligawa maeneo 120 ya kaunti katika makundi matatu. Kundi la kwanza walitibiwa watoto tu, mara moja kwa mwaka. La pili walitibiwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, nyumba kwa nyumba, mara moja kwa mwaka. La tatu walitibiwa watu wote mara mbili kwa mwaka. Baada ya miaka miwili, kwenye kundi la watoto tu, safura walishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Walipotibiwa wote mara moja kwa mwaka, walishuka kutoka 17.9 hadi 8. Walipotibiwa wote mara mbili, walishuka kutoka asilimia 20 na kitu hadi 6 na kitu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la tiba la Lancet. Wajitoleaji wa afya waliozunguka na vidonge wakati ule ni jirani zetu.

Je, chanjo?

Utauliza, mbona wasitengeneze chanjo tukapumzika? Wanajaribu. Lakini kuna kisa kimoja kinachoonyesha jinsi kinga hii ilivyo ya hatari kuichezea. Watafiti walitengeneza chanjo ya safura kwa kutumia protini ya mnyoo mchanga. Walipoijaribu Brazili kwa watu waliokuwa wamewahi kuishi na safura, baadhi yao waliota vipele vya mzio mwili mzima, na jaribio likasimamishwa. Sababu ni kwamba watu hao tayari walikuwa na IgE dhidi ya protini hiyo. Silaha ambayo mwili uliiweka kwa ajili ya mnyoo ilifyatuka dhidi ya chanjo. Mpaka leo hakuna chanjo ya minyoo hawa iliyoruhusiwa kwa binadamu.

Na kuna hoja nimewahi kuisikia hata barazani kwetu: "Wazungu wamegundua minyoo ni wazuri, huzuia mizio." Hoja hii ina chembe ya ukweli iliyokuzwa. Utafiti uliofanywa Gabon ulionyesha watoto waliotibiwa minyoo ngozi zao ziliitikia zaidi zilipojaribiwa kwa utitiri wa vumbi la nyumbani. Huko Entebbe, Uganda, watoto ambao mama zao walimeza albendazoli wakiwa wajawazito walipata ukurutu wa ngozi zaidi kuliko wenzao. Ni sawa na yale tuliyosema: mnyoo hutuliza kinga yote, si ile inayomhusu yeye pekee. Lakini kutoka hapo hadi kusema tuwafuge ni mbali. Ukurutu unatibika kwa mafuta. Damu ya 6.8 inaweza kumuua mama katika uzazi.

La kufanya

Kama kinga ya mwili ni ya nusunusu, nusu ya pili ni yetu.

Kwanza ni choo. Mayai yasipofika kwenye udongo wazi, mnyoo hana pa kukomaa. Dini yetu ilitukataza zamani sana kujisaidia njiani, kwenye kivuli wanapopumzika watu na penye maji. Ukitazama, mchanga wa kivulini wenye unyevu ndipo hasa safura anapopenda. Hatuhitaji kufundishwa na mtu mwengine hili. Tunahitaji kulitekeleza, na vijiji vyetu bado vina nyumba zinazotegemea kichaka.

Pili ni viatu, hata vya plastiki vya bei ya chini, kondeni na uani. Tatu ni sabuni kabla ya kula na baada ya choo, na kuosha mboga na matunda.

Nne, mtu mzima asijione amepita umri wa minyoo. Siku ya dawa shuleni iwe ukumbusho kwa nyumba nzima kuulizia dawa zahanati. Mama mjamzito aulize kliniki kwanza, kwa kuwa dawa hii haitolewi katika miezi mitatu ya mwanzo. Na anayekula udongo, jambo la kawaida kwa wajawazito wetu, ajue kwamba huenda anakula mayai ya minyoo, na kwamba hamu hiyo yenyewe mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu.

Tano, ukiambiwa damu yako ni kidogo, uliza, "Inakwenda wapi?" Omba upimwe choo. Ukipewa karatasi ya kipimo kamili cha damu, muulize daktari kuhusu eosinofili. Hilo si kumfundisha kazi. Mwili umeandika barua, na wewe ni haki yako kuuliza imesemaje.

Shangazi alimeza albendazoli, akaendelea na vidonge vya damu, na baada ya miezi mitatu alikuwa 10.9, alhamdulillahi. Kisimani anakwenda. Nilipomweleza haya yote, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe mwili ulifanya kazi yake. Sisi ndio tuliolala."

Akanitazama miguu. Nilikuwa nimeviacha viatu mlangoni, nimevuka uani mitupu kama nilivyofanya utoto wangu wote.

"Na wewe," akauliza, "umemeza lini?"

Nilikuwa sijameza tangu darasa la nane. Nilimeza jioni ile ile.